Neno "Nzuri" Katika Daftari la Thieta

Funguo za kabati la vifaa nilizikabidhi Ijumaa, na Jumatatu asubuhi nikajikuta nimeoga, nimevaa, nimesimama barabarani nasubiri usafiri wa kwenda kazini. Nikarudi ndani kimyakimya kabla jirani hajaniuliza. Sasa nimekaa mezani na daftari la shule la mjukuu wangu, na kwa kuwa siwezi tena kuja kuwasumbua huko thieta, nitawasumbua kwa maandishi.

Mliniomba niwaandikie nilivyofanya kazi. Vyeo sitavitaja, vimo kwenye faili na faili linaliwa na mchwa. Nitawaandikia kuhusu neno moja ambalo kwa miaka mingi nililiandika mahali pasipolifaa, tena kwa mwandiko mzuri sana.

Nilipoingia thieta kwa mara ya kwanza nilikuwa nesi mgeni, binti wa Isikizya, viatu vimenibana na kichwa kimejaa mambo ya chuoni. Aliyenipokea hakuwa daktari wala matroni. Alikuwa mhudumu, Mzee Almasi wa Kwihara, mtu mrefu mwembamba, kazi yake kuchemsha vifaa na kuhesabu gozi, yaani vile vitambaa tunavyofyonzea damu. Wakati huo hakuwa mzee kabisa, lakini kila mtu alimwita hivyo na yeye hakukataa. Vyeti hakuwa navyo. Madaktari walikuja wakaondoka, wengine wakisahau hata miwani yao, yeye akabaki.

Vifaa vyote alivipa majina. Kile chuma kikubwa cha kushikia tumbo lisijifunge alikiita Bi Harusi, kwa sababu ni kizito, hakisemi, na kila mtu anakishika kwa adabu. Koleo la kutanulia mbavu lilikuwa Bawabu. Hata madaktari wageni walipokaa mwezi mmoja walijikuta wanaomba Bi Harusi, na mimi nilipokwenda kwenye mafunzo nikamwomba mkufunzi wangu Bawabu, darasa zima likanigeukia.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa ngiri ya mkulima mmoja, kazi ndogo. Kabla hatujaanza Mzee Almasi akaniuliza gozi ngapi. Nikamjibu ishirini. Akaniangalia.

"Umehesabu au umekadiria?"

Niliona pakiti mbili, na kila pakiti imeandikwa kumi, sasa nihesabu nini tena? Akazifungua mbele yangu, moja moja, kama anayegawa karata. Ya kwanza kumi. Ya pili tisa. Akaniambia kwa upole kwamba mchana ule tungelifungua tumbo la mtu mara ya pili, kutafuta gozi ambalo halikuwahi kuzaliwa. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Saa nne akanipa nusu ya matobolwa yake, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa ambavyo mke wake Bi Zuhura alimfungia kila siku, tukanywa chai na hakunikumbusha tena. Swali lake lakini lilibaki, nililisikia kila siku ya kazi kwa miaka yote tuliyokuwa pamoja. Hata ukimwambia mvua imenyesha sana alikuuliza hivyo hivyo.

Baadaye akaja Dokta Nkwabi. Wengi wenu mmemkuta amepunguza sauti. Alipokuja alikuwa kijana, ana haraka, na ana mkono ambao sijauona tena, mkono unaofunga fundo mahali ambapo mimi sioni hata uzi. Yeye ndiye aliyeanza kwetu upasuaji wa saratani ya umio, ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni mpaka tumboni.

Ugonjwa huu mnaujua. Unaanza kwa tonge la ugali kukwama. Mtu anasukumia maji, anaendelea. Baadaye wali unakwama, kisha anabaki na uji, mwisho anatema hata mate yake. Na kwetu watu wanachelewa kwa sababu ya adabu. Ukikaribishwa chakula ukaacha, umemtukana mwenye nyumba. Nimewaona wagonjwa waliojifunza kuweka tonge shavuni, wanacheka na wenzao, wanatoka nje kama wanaokwenda haja, wanatema nyuma ya nyumba, wanarudi. Mwaka mzima wanaishi hivyo, hata mke hajui.

Upasuaji wenyewe ulikuwa wa kutwa. Tunafungua tumbo, tunafungua kifua, tunakata kipande kibovu, tunalipandisha tumbo na kulishona kwenye kipande cha umio kilichobaki. Tulianza asubuhi, tukamaliza adhana ya alasiri inasikika kutoka mjini. Wagonjwa wa namna hiyo hawakuwa wengi, mmoja mwaka huu, wawili mwakani, mwaka mwingine hakuna. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa sikukuu. Mzee Almasi alilala na wudhu, mimi nilipiga pasi hata kofia. Tulipomaliza na mgonjwa akavuta pumzi mwenyewe baada ya kaputi, ile dawa ya usingizi, tulishikana mikono kama watu waliopata mtoto.

Kisha nilifungua daftari. Safu ya mwisho iliandikwa: Hali ya mgonjwa akitoka thieta. Nami nikaandika: Nzuri.

Sikudanganya. Akitoka pale alikuwa mzima. Lakini mnaujua ule mstari mwekundu sakafuni mlangoni. Viatu vya thieta havivuki mstari, na viatu vya wodini haviingii. Mgonjwa alivushwa kitandani, wenzetu wa wodi wakampokea, sisi tukageuka kuosha vyombo. Kutoka pale mpaka wodini ni hatua chache, na mimi kwa miaka mingi sikuzitembea. Siku nyingine tulisikia kwamba yule mgonjwa wetu wa Ipole amefariki. Tulisema pole, tukasema ni kazi ya Mungu, na kesho yake kulikuwa na mama wa kuzaa kwa kisu na ngiri mbili.

Sisi neno hili tunalijua vizuri. Unamuuliza mtu habari za nyumbani, anakujibu nzuri, anatulia kidogo, ndipo anasema: ila baba tumemzika juzi. Nzuri ni kubisha hodi tu, habari yenyewe inakuja baada ya ila. Daftari langu halikuwa na nafasi ya ila.

Mzee Almasi alistaafu, akarudi Kwihara kwenye karanga na viazi vyake. Kila mwisho wa mwezi alipanda baiskeli akaja kutusalimia na kukagua kama Bi Harusi hajapata kutu. Siku moja akaja, tukakaa kwenye benchi letu la chai, akatoa matobolwa. Nikaona anachovya kwenye chai. Mtu huyu alitafuna matobolwa makavu mbele yangu miaka yote hiyo, na alikuwa akiwacheka wanaochovya kwamba wamezaliwa mjini. Nikamuuliza habari za afya.

"Nzuri," akasema, "ila meno, Mama Shija. Uzee."

Meno yake yote yalikuwepo. Nilimshika mkono nikampeleka kwa Dokta Nkwabi bila hata kumaliza chai, na wiki ile ile akapimwa kwa kamera inayoshushwa kooni. Ilikuwa saratani ya umio. Haikuwa imekwenda mbali. Alikuwa amewahi kuliko karibu wagonjwa wote tuliowahi kuwapata, na ndiyo maana Dokta Nkwabi aliposema tutamfanyia hapa hapa, kwa mikono yetu wenyewe, Mzee Almasi alicheka kwa furaha. Alisema hataki kufunguliwa na watu wasiojua jina la Bi Harusi.

Mimi pia nilifurahi. Jioni ile nikachukua daftari ili nione mara ya mwisho tulitumia damu chupa ngapi na nyuzi gani. Nikapitia majina nyuma, miaka nyuma, kila jina na Nzuri yake, mwandiko wangu umelala vizuri kwenye mstari. Nikajaribu kuwakumbuka nyuso. Yule mama wa Ipole ambaye mume wake alituletea asali siku ya upasuaji. Yule mwalimu mstaafu. Nikajiuliza ni nani kati yao niliyewahi kumwona sokoni, au kliniki, au kanisani. Nikaona sikumbuki hata mmoja. Na papo hapo nikasikia lile swali, umehesabu au umekadiria.

Nikavuka mstari. Nilikwenda wodini kumwomba dada wa zamu madaftari ya zamani, tukayatoa stoo yakiwa na vumbi na kinyesi cha mijusi, na kwa mchana wa siku mbili nililinganisha majina yangu na yao. Yangu yalisema Nzuri. Yao yalisema siku ya sita, amefariki. Siku ya nane, amefariki. Siku ya kumi na moja. Sababu ilikuwa karibu ile ile: mshono umevuja ndani ya kifua, homa, mapigo mbio, na kila mara ilijulikana mgonjwa akiwa tayari hoi. Waliorudi kwao wakiwa wazima walikuwa wachache kuliko waliofia wodini. Nilikaa kwenye gunia la stoo nikalia, sitaficha.

Nilipomwonyesha Dokta Nkwabi aliniuliza nani amenituma kwenye madaftari ya wodi. Siku mbili hakunisemesha, aliomba vifaa kwa kunyoosha mkono. Siku ya tatu akaja mwenyewe kwenye chumba cha vifaa, akafunga mlango, akakaa juu ya mtungi wa kuchemshia. Nilimwambia ninavyoamini mpaka leo, kwamba kisu chake hakikuwa kibovu. Mkono ulikuwa mzuri, lakini kazi yenyewe ilitujia mara moja kwa mwaka. Na kati ya mgonjwa mmoja na mwingine manesi wa wodi walihamishwa, wakaja wapya ambao hawajawahi kuuona mshono uliovuja, wakamkuta mtu anahema mbio kidogo wakadhani ni uchovu. Kila mgonjwa alikuwa wa kwanza kwa mtu fulani.

Akaniambia, "Kila mmoja nilimlilia peke yake, Mama Shija. Sikuwahi kuwaweka pamoja."

Tukakubaliana Mzee Almasi apewe rufaa, aende ile hospitali kubwa ya pwani ambako upasuaji huu wanaufanya karibu kila wiki. Kilichobaki ni kumwambia mwenyewe, na hapo ndipo palikuwa na kazi. Alikuja na Bi Zuhura, amevaa kanzu kama anakwenda harusini. Dokta Nkwabi akazunguka maneno mpaka akapotea humo. Mzee Almasi akamkatiza, akasema haendi popote, yeye si kifurushi cha posta. Akasema atafia kwao kama ni kufa, lakini hafi, kwa sababu thieta yetu ni nzuri.

Mtu huyu ndiye aliyenifundisha kazi.

"Umehesabu au umekadiria, baba?" nikamuuliza.

Nikamwekea karatasi mezani, majina kushoto, siku kulia. Aliisoma kwa kidole, polepole. Wote aliwajua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akiwashika mkono wakati kaputi inaingia. Alipofika kwa yule mama wa Ipole kidole kikasimama, akakumbuka asali. Bi Zuhura alikuwa anaangalia dirishani. Mwisho Mzee Almasi akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni mwa kanzu.

"Kumbe tulikuwa tunawavusha mstari tu," akasema.

Kisha akauliza treni ni siku gani.

Nilichukua likizo nikaenda nao. Babu wa babu yake alikuwa mpagazi, alitembea njia ile ile mpaka pwani na pembe ya ndovu begani, na Mzee Almasi alitusimulia habari hiyo kuanzia Tabora mpaka Dodoma. Akasema yeye amepata nafuu, mzigo wake ni bahasha ya eksrei. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba wapagazi hawakukubali kuongozwa na mtu ambaye hajawahi kufika pwani, hata awe na nguvu vipi. Nadhani alikuwa anajisemea mwenyewe, au anamsamehe Dokta Nkwabi. Sikuuliza.

Huko walimpasua, na thieta yao, niwaambie ukweli, haikunishangaza. Makoleo ni yale yale, hata Bi Harusi alikuwepo ingawa hawamjui jina. Kilichonishangaza ni wodi. Kulikuwa na nesi mmoja, Sista Rehema, mdogo kuliko binti yangu. Kila asubuhi alipofika kitandani hakuuliza habari. Nilidhani hana adabu. Alitoa shikamoo yake vizuri, kisha akauliza, "Mzee, leo kibaya ni kipi?"

Mzee Almasi alitaabika sana na swali hilo. Siku ya kwanza alijibu hakuna. Sista Rehema akasimama pale pale, akasema atangoja. Ikabidi alalamikie mto.

Siku ya tano mimi nilifika mapema, nikamsalimia, nikamuuliza habari, akasema nzuri, na nikafurahi. Sista Rehema akaja nyuma yangu na swali lake. Mzee Almasi akafikiri, akasema labda bega la kushoto linamuuma kidogo, bila shaka alilalia vibaya. Mimi nilianza kutafuta mto mwingine. Yule binti alikuwa ameshashika mshipa wa mkono, anahesabu akiangalia saa, dakika nzima. Hakubadilika uso. Mapigo yalikuwa mbio, akaenda kumwita daktari, na kabla chai ya saa nne haijagawiwa Mzee Almasi alikuwa ameshapigwa eksrei. Mshono ulikuwa umeanza kuvuja.

Nataka msome hapo mara mbili. Mshono ulivuja kwao pia, kama ulivyovuja kwetu. Walimtia mpira kifuani wa kutolea uchafu, dawa za mishipani, wakamzuia kumeza chochote, wakamlisha kwa mpira mwingine, na kila mtu pale alijua zamu yake bila kuambiwa kwa sababu mwezi uliopita waliifanya, na mwezi kabla ya huo. Alikaa wiki nyingi. Alikonda mpaka pete ikamtoka kidoleni, Bi Zuhura akaivaa yeye. Lakini alipona. Nilimuuliza Sista Rehema nani aliwafundisha swali lile. Akanijibu kwamba hakuna, ila wamewaona wengi wakifa huku wanasema nzuri, wakaona bora waache kuuliza habari.

Niliporudi nilichukua rula na kalamu nyekundu, nikachora safu mpya kwenye daftari letu: Siku ya thelathini, yuko wapi? Ndiyo safu mnayoilalamikia kwamba inawatembeza wodini na kupiga simu vijijini. Ilalamikieni, lakini ijazeni. Dokta Nkwabi aliacha upasuaji wa umio kwetu. Kwa mtu mwenye mkono kama wake halikuwa jambo dogo, na ninamheshimu kwa hilo kuliko kwa upasuaji wowote niliomwona akifanya. Alianza kuzunguka zahanati akiwaambia waganga kwamba mtu akianza kuchovya chakula kikavu waulize mara mbili. Tumbo, ngiri, uzazi, hayo tunayafanya kila siku na safu yetu haituaibishi.

Sitawapambia mkadhani kila kitu kilinyooka. Wapo waliokataa kusafiri. Dada mmoja wa karibu na kwetu alisema pwani hana ndugu hata mmoja, nani atamfulia nguo, akarudi nyumbani, na nikaenda kumzika. Kumwambia mtu aende mbali ni rahisi kwa anayebaki. Ndiyo maana nawaomba, mkimpa mtu rufaa, mtafutieni pia mtu wa kumpokea. Simu ya Sista Rehema nimeiacha nyuma ya mlango wa kabati.

Siku mliyoniaga mlipika pilau na mkasema maneno mengi, mengine ya uongo. Mzee Almasi alikuja, siyo kwa baiskeli siku hizi, aliletwa na mkwewe. Alikaa kwenye benchi letu pembeni, anakula kidogo kidogo kama walivyomwelekeza, na baada ya pilau akatoa mfukoni kipande cha tobolwa. Hakukichovya. Nikaenda kukaa naye.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Mama Shija."

Nikamshika mkono, nami sikuuachia. Vidole vyangu vikaenda vyenyewe kwenye mshipa, macho yakaenda kwenye saa. Yeye akaendelea kutafuna, taratibu, akameza, akaningoja mpaka dakika ikaisha.

"Umehesabu au umekadiria?"

"Nimehesabu."

"Habari yake?"

"Nzuri," nikamwambia.